Spana Kongwe na Dhamana ya Aliyeifua

Miongoni mwa vitu vinavyotandazwa juu ya magunia na maturubai katika masoko ya Gerezani, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, ni vichache vinavyodharauliwa na wengi na kuthaminiwa na wachache kama spana kuukuu. Na makala haya nayaandika kwa upande wa wale wachache, kwa kuwa naamini hukumu yao ni ya insafu na hoja zao hazijapata wasikilizaji zinaostahili. Mnunuzi wa kawaida huipita spana hiyo kwa kuiona imesawijika, imepoteza mng'aro, na imechorwa tarakimu zisizolingana na bolti yoyote ya gari lake, akaenda kununua seti mpya inayometameta ndani ya sanduku la plastiki. Na haupiti muda mrefu kabla mdomo wa ile mpya haujapanuka, nati ikalika pembe zake 6 ikawa duara, mkono wa fundi ukateleza ukajigonga kwenye injini, na mwenye gari akaanza kumlaumu fundi kwa kosa lililotendwa na kiwanda asichokijua yeyote kati yao.

Sidai kwamba ukongwe peke yake ni fadhila. Chuma hakiongezeki utukufu kwa kukaa. Kikiachwa hupata kutu, kikitumiwa hulika, na kikipigwa moto na asiyejua hupoteza nguvu zake zote kwa dakika chache. Ninalolidai ni kwamba zana nyingi za zamani zilifuliwa na watu waliojulikana majina, kwa ajili ya wanunuzi waliokuwa na uwezo wa kuzikataa, na kwamba dhamana hiyo ya pande mbili ilikuwa kiungo cha ubora sawasawa na kaboni na kromi zilizomo ndani ya chuma chenyewe.

Tuanze na chuma. Spana njema haisubiwi kwa kumiminwa ikiwa majimaji ndani ya kalibu, wala haikatwi katika bamba kama bawaba ya mlango. Huanza kuwa kipande cha feleji kinachopashwa moto hadi kukaribia nyuzi 1,200 za Selsiasi, kikawekwa katikati ya vipande viwili vya kalibu ngumu, na nyundo kubwa ya mashine ikakishukia mara kadhaa mpaka kikajaa umbo lililokusudiwa na ziada yake ikatoka pembeni kama ukingo mwembamba, ambao baadaye hukatwa na kusuguliwa. Kazi hiyo hufanya jambo ambalo jicho halilioni: chembechembe za chuma, badala ya kukatika ovyo, hujipanga na kufuata mkunjo wa shingo na mdomo wa spana. Waundaji wa majahazi wa pwani yetu waliijua hekima hii katika mti kabla ya viwanda kuitumia katika chuma, kwa maana fundi wa jahazi hutafuta tawi lililopinda lenyewe ili alifanye taruma, akijua kwamba taruma lililochongwa kinyume cha uzi wa mti litapasuka siku ya mawimbi.

Baada ya kufuliwa, spana hutiwa maji, na hapa ndipo siri kubwa ilipo. Feleji ikipashwa moto kiasi chake kisha ikachovywa ghafla katika mafuta au maji, huwa ngumu sana lakini kavu, nayo yaweza kuvunjika vipande mtu akiibana kwa nguvu. Kwa hiyo hupashwa mara ya pili, kwa moto mdogo na wa kadiri, ili sehemu ya ugumu itolewe na badala yake uje ustahimilivu. Wahunzi wa kale hawakuwa na kipimajoto. Waliitazama rangi inayopita juu ya chuma kilichosuguliwa kikawa cheupe, kwanza ya majani makavu, kisha ya hudhurungi, kisha ya zambarau, na mwisho ya samawati, na kila rangi ilikuwa na kazi yake, ile ya majani makavu kwa zana za kukata na ile ya samawati kwa springi. Tupa huachwa na ugumu mkubwa kwa sababu kazi yake ni kukwaruza vyuma vingine, ndiyo maana ikianguka sakafuni huweza kukatika. Spana hupewa ugumu wa kutosha mdomo usipanuke, na ulaini wa kutosha shingo isivunjike. Kati ya mipaka hiyo miwili nafasi ni ndogo, na kiwanda kinachotaka kupunguza gharama huanzia hapo kuiba, maana wizi huo hauonekani dukani.

Lakini spana haina maana bila bolti, na bolti ina tarehe yake. Hadi mwanzo wa karne ya 19 kila karakana ya Uingereza ilichonga hesi zake, yaani mitaro inayozunguka bolti, kwa kadiri ilivyoona inafaa, hata nati iliyotoka Manchester isikubali bolti iliyotoka Leeds. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, fundi mkubwa wa Manchester, alikusanya sampuli za hesi kutoka karakana nyingi za nchi yake, akatafuta wastani wake, na akapendekeza kanuni moja: pembe ya mtaro iwe nyuzi 55, na idadi ya mizunguko katika kila inchi ifuate unene wa bolti. Kampuni za reli ziliipokea kanuni ile, na reli ikaichukua kila ilikokwenda; hata Ujerumani, nchi ya vipimo vya mita, iliitumia hesi ya Whitworth kwa miaka mingi. Marekani ilifuata njia yake, kwani mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza pembe ya nyuzi 60, na tofauti hiyo ya nyuzi 5 ikawasumbua watu kwa muda wa karibu karne nzima.

Hapa kuna jambo linalowachanganya vijana wengi wanapoiokota spana ya zamani, nalo lastahili kuelezwa kwa utulivu. Spana iliyoandikwa 1/2 W haina mdomo wa nusu inchi. Tarakimu hiyo ni unene wa bolti, si upana wa nati. Mdomo wake ni inchi 0.92, zaidi ya milimita 23. Mwaka 1908 ikaja hesi nyembamba zaidi ya Kiingereza iitwayo BSF, ambayo nati zake zilikuwa ndogo kwa daraja moja, hivi kwamba nati ya bolti ya BSF ya nusu inchi hulingana na ile ya Whitworth ya 7/16, zote zikiwa inchi 0.82. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja na chuma kikawa adimu, nati za Whitworth nazo zikapunguzwa kwa daraja hilohilo. Ndiyo sababu spana nyingi za zama zile zina tarakimu mbili juu ya mdomo mmoja, nayo sababu hiyo mtu asipoijua hudhani kiwanda kilikosea.

Zana za namna hii zilifika kwetu kwa reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na karakana kubwa ya Nairobi ikawa kwa vizazi kadhaa shule ya ufundi iliyokuwa na wanafunzi wengi kuliko shule yoyote iliyoitwa kwa jina hilo. Mafundi wa Kihindi, wa Kiafrika na wa Kizungu walishika humo nyundo, tindo, tupa na spana zilizotoka Birmingham na Sheffield, na mengi ya mapatano ya ununuzi yalipita mikononi mwa Crown Agents wa London, waliokuwa mawakala wa serikali za makoloni katika kununua na kukagua vifaa. Jambo hilo la ukaguzi ndilo ninalotaka msomaji alishike. Bidhaa iliyokuwa pungufu iliweza kukataliwa kabla ya kupanda meli. Kiwanda kilichokataliwa kilipata hasara na kufedheheka. Na kwa kuwa jina lake lilikuwa limepigwa mhuri ndani ya chuma, hakikuwa na mahali pa kujificha. Twapaswa kusema pia, kwa kuwa ni kweli, kwamba utawala uliokagua spana kwa bidii kiasi hicho haukukagua kwa bidii kama hiyo posho ya mtu aliyeishika, na fundi aliyetunza zana zile kwa miaka 30 mara nyingi alistaafu bila ya kumiliki hata moja.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mchovyo wa kromi ulisimamishwa katika viwanda vingi, kwa sababu madini yale yalihitajika kwingine, na spana zikatoka zikiwa nyeusi. Nyingi zina alama ya mshale mpana, mistari 3 inayokutana kichwani, ambayo ilikuwa nembo ya mali ya serikali ya Uingereza, na baadhi zimepigwa mwaka wa kutengenezwa. Mtu akiikuta sokoni spana nyeusi yenye mshale na mwaka 1942 au 1943, ameshika zana ya jeshi, ndugu wa zile zilizofungua malori ya vikosi vilivyotoka Afrika Mashariki kwenda Burma; na aghalabu ataikuta mdomo wake ungali sawasawa, kwa maana mchovyo ni pambo na kinga ya kutu, hauna uhusiano na nguvu ya chuma. Mnunuzi anayependa mng'aro huziacha nyeusi hizi kwa bei ya chini, nami namshukuru kwa niaba ya mafundi.

Birmingham na Sheffield hazikuwa peke yake. Katika bonde la Mto Wupper na vilima vya jirani huko Ujerumani, mahali ambapo maji ya vijito yaliendesha nyundo za wahunzi kabla ya mvuke na umeme, kulizuka majina ambayo fundi wa Kiswahili huyatamka kwa heshima hata kama hajui yalikotoka: Stahlwille tangu 1862, Hazet ya Remscheid tangu 1868, na Gedore ya mji huohuo tangu 1919. Huko Enköping nchini Sweden, Johan Petter Johansson, aliyechoshwa na kubeba mzigo wa spana kwa sababu kila nati ilikuwa na kipimo chake, alibuni kabla ya mwisho wa karne ya 19 spana yenye mdomo unaofunguliwa na kubanwa kwa kidole gumba, na Bahco ikaisambaza duniani kote. Huko Milwaukee, mwaka 1920, Joseph Johnson alianzisha kampuni ya Snap-on kwa fikira moja nyepesi, kwamba mipini 5 na soketi 10 zinazobadilishana zingeweza kufanya kazi ya spana 50. Feleji yenye kromi na vanadi, ambayo Henry Ford alikwisha kutumia vanadi yake katika gari la Model T mwaka 1908, iliwawezesha watengenezaji zana kuifanya spana kuwa nyembamba bila ya kuidhoofisha, hata ikaweza kuingia mahali ambapo zile nene za zamani hazikufika. Kwa hiyo si kweli kwamba kila kilicho cha kale zaidi ni bora zaidi. Spana ya Kijerumani ya miaka ya 1960 ni bora kwa kazi nyingi kuliko ile ya Kiingereza ya 1910, na viwanda kadhaa nilivyovitaja vingali vinafua hadi leo zana ambazo babu zake wangezivulia kofia.

Na hapa insafu yanidai nijibu hoja ya wapinzani, ambayo ni hoja nzito. Wanasema: mwaziona zana za kale kuwa njema kwa kuwa mbovu zao zilikwisha kufa. Ni kweli. Karne iliyopita nayo ilikuwa na spana za ovyo, zilizosubiwa kwa chuma rahisi na kuuzwa kwa wakulima na wapanda baiskeli, nazo zilivunjika zikatupwa, hazikutufikia. Walakini hoja hiyo, ikichunguzwa, inamfaa mnunuzi wa leo badala ya kumdhuru. Spana iliyotumika miaka 60 katika karakana, ikapita mikono mingi, ikavuka bahari ndani ya kontena la vitu vilivyotumika, na bado mdomo wake unaikumbatia nati bila kucheza, imekwisha kufanyiwa mtihani mkali kuliko ule wa maabara yoyote. Seti mpya isiyo na jina haijafanyiwa wowote. Ina maneno "Chrome Vanadium" yaliyopigwa ubavuni, lakini maneno hayo hayagharimu kitu kuyapiga, na tupa ikipitishwa juu yake hula chuma kwa wepesi unaotosha kuufichua uongo.

Anayetaka kununua na asidanganyike aangalie mdomo kwanza, kwa maana ndio unaofanya kazi: ncha zake ziwe sambamba, zisiwe zimepanuka kama kinywa kinachopiga miayo, na apitishe ukucha ndani ya pembe za spana ya ringi kuona kama zimelika. Atafute alama za kuchomelewa, kwa sababu mafundi wengi huunganisha vipande viwili kupata umbo fulani, na mahali palipopigwa moto wa kuchomelea pamepoteza ule utiaji maji tuliousema. Doa la samawati au kijivu shingoni ni ushahidi. Kromi inayobanduka ikatazamwe kwa hadhari, kwani magamba yake hukata vidole kama wembe. Tindo na nyundo zina hatari zake zenyewe: tindo ambayo kichwa chake kimechanua kwa mapigo ya miaka huweza kurusha kipande cha chuma kikamwingia mtu jichoni, na dawa yake ni kukisugua kichwa kwenye jiwe la mashine mpaka mchanuo wote utoke kabla ya kuipiga tena hata mara moja. Kwa jiliwa la zamani, khasa lile la Record lililotoka Sheffield, zungusha mkono wake mpaka mwisho na usikilize. Hesi iliyolika hucheza kabla ya kushika, na jiliwa lenye mwili uliopasuka halinunuliki kwa bei yoyote.

Sasa twaja kwenye jambo linaloniumiza. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya hesi moja ya inchi yenye pembe ya nyuzi 60, na tangu hapo Whitworth ikaanza kurudi nyuma. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili wa mwaka huohuo, ilikuja kwetu na bolti za kipimo cha Kiingereza cha zamani, na zilizofuata zikachanganya. Kisha magari ya Kijapani yakajaa barabarani na milimita zao, 10, 12, 14 na 17, na hata humo pana tofauti, kwani bolti ya milimita 8 ambayo Mjapani huipa kichwa cha 12 Mjerumani huipa cha 13. Spana ya Whitworth ikakosa gari. Katika gereji nyingi imekuwa kipande cha chuma cha kugongea, au mpini wa kukunja waya. Na mwisho wake ni mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye huipima pamoja na bodi za magari na mabati, ikaenda kuyeyushwa iwe nondo. Feleji iliyochaguliwa kwa uangalifu, ikafuliwa na kutiwa maji na watu waliojua kazi yao, huingia chunguni pamoja na mabati yaliyooza, na kila lililoifanya kuwa spana hupotea. Nondo twazihitaji, nami sina ugomvi na wanaoziyeyusha. Lakini chuma cha kutengeneza nondo kipo tele, na spana ya namna hiyo haifuliwi tena.

Wanaodhani haina kazi hawajatembea vijijini. Injini za Lister, zilizobuniwa Dursley nchini Uingereza na kuigwa Rajkot nchini India kwa wingi mkubwa, zimesaga mahindi ya Afrika Mashariki kwa miongo mingi, na nyingi kati yake zina bolti za vipimo vile vya zamani. Fundi anayeziendea na spana za milimita hukuta 23 ni ndogo mno na 24 inateleza, akalazimika kutumia spana ya bomba au nyundo na tindo, na kila anapofungua huacha nati imejeruhika zaidi. Mashine nyingi za kale za kukereza zilizotoka Uingereza ziko vivyo hivyo. Kwa mwenye mashine hizo, spana moja ya 1/2 W iliyo nzima yaokoa injini nzima.

Kwa hiyo ombi langu ni la watu watatu. Kwa mwenye mizani ya chuma chakavu: azitenge spana zenye jina na herufi W au BS, aziuze kwa kipande badala ya kilo, na atapata faida kubwa kuliko ile ya kiwanda cha nondo. Kwa vyuo vya ufundi, vile vya VETA kwetu na ndugu zao wa Kenya: kila karakana iwe na zana chache za namna hii, ili mwanafunzi aijue kwa mkono wake tofauti kati ya mdomo uliofuliwa na uliokatwa kabla hajaanza kununua vya kwake kwa mshahara mdogo. Na kwa Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, pamoja na lile la Kenya lililolitangulia kwa mwaka mmoja: kipo kiwango cha kimataifa, ISO 1711, kinachoeleza spana na soketi zinapaswa kuhimili nguvu gani kabla ya kupinda, na mtambo wa kupimia nguvu hiyo si ghali wala si mgumu kuutumia. Seti ichukuliwe moja katika kila shehena inayoingia bandarini, ibanwe mpaka ifikie kipimo, na iliyopinda irudishwe na shehena yake yote. Na kila spana itakayopita ipigwe ubavuni jina la aliyeiingiza nchini, ndani ya chuma chenyewe, si kwenye karatasi ya sanduku, ili fundi wa Gerezani ambaye spana yake imepanuka mdomo ajue ni mlango gani wa kuubishia hodi.